Mtoto Hakui kwa Uji Tu



Wasomaji wapenzi, Jumapili moja baada ya Misa nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya mkeka, katika baraza ya nyumba yangu. Mbele yangu alilala mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, mwenye miezi mitano. Tulitazamana uso kwa uso. Mimi nilikuwa nikigonga kopo, yeye akinyosha mkono apate kulishika. Ndipo akapita kijana mmoja wa shirika letu, baba wa watoto wawili. Akasimama, akacheka sana, akaniambia: « Mwalimu, wewe mtu mzima mwenye mvi, unatambaa chini pamoja na mtoto mchanga? Mama yake yuko wapi? »

Sikumkasirikia, maana zamani mimi nami ningesema maneno hayohayo. Nilimletea kiti, nikamsimulia habari iliyonipata mwaka 2011. Aliposikia mwisho wake hakucheka tena. Akaniomba niiandike, wengine nao wapate kuisoma. Basi naiandika, ingawa si habari ya kunipatia sifa.

Mtoto mtulivu

Mimi nilizaliwa katika milima ya Bushi, huko Kivu Kusini. Katika utoto wangu niliona hivi: mtoto mchanga ni mtu wa mama yake. Mama humbeba mgongoni kwenda shambani, mtoni na sokoni. Baba humtazama tu, akingoja akue, aweze kutumwa kuleta kiti au kijinga cha moto. Kabla ya hapo hawana la kusemezana. Mwanamume akionekana akimwimbia mtoto au akimpakata mbele ya watu, wenzake husema mke wake amemlisha dawa. Nami nilishika desturi hiyo, ingawa nilikuwa mwalimu wa shule, tena Mkristu anayepokea Sakramenti. Watoto wa watu niliwafundisha kwa bidii mchana kutwa. Watoto wangu mwenyewe sikuwajua hata walipofika umri wa kushika kalamu.

Wawili wa kwanza walikua vizuri, kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa akikaa nasi. Mama yule hakunyamaza. Tangu asubuhi alizungumza na mtoto kama anazungumza na jirani. Alimwuliza amelalaje, akangoja mtoto agune, kisha akamjibu. Alimwonyesha kuku, akamwimbia, akamfinya vidole kwa utani. Mimi nilidhani ni maneno ya bure ya wazee. Sikufahamu kwamba anafanya kazi kubwa ndani ya nyumba yangu. Akafariki mwaka 2009, Mungu amrehemu.

Mtoto wetu wa tatu, mvulana, alizaliwa mwanzo wa mwaka 2010. Alipokuwa na miezi kumi na mmoja, mama yake akapata mimba nyingine. Majirani wakasema maziwa ya mwanamke mwenye mimba ni sumu kwa mtoto. Tukaamini, tukamwachisha ziwa kwa siku moja. Leo najua kwamba si kweli: mama mwenye mimba, akiwa na afya na akila vizuri, aweza kuendelea kunyonyesha. Lakini wakati ule hatukumwuliza mtu anayejua. Mtoto akaanza kula bugali ya muhogo na mchuzi wa sombe, mara mbili kwa siku. Maharagwe tulikuwa nayo. Mayai tulikuwa nayo. Niliyauza sokoni. Mshahara wangu ulikuwa umechelewa, nami niliona haya kusimama mbele ya wanafunzi na viatu vilivyotoboka. Ndugu zangu, naandika hili kwa uchungu: nilinunua viatu kwa mayai ya mtoto wangu.

Polepole mtoto akaanza kunyamaza. Alikuwa ameanza kutembea, akaacha. Alikuwa akisema « mama » na « baba », akaacha. Alikaa pale alipowekwa, kama mzigo. Mimi nikawaambia wageni kwa fahari: « Huyu ni mtoto mtulivu, hasumbui mtu. » Nywele zake zikageuka kuwa nyekundu na laini. Miguu ikavimba, watu wakasema ananenepa. Mwishowe ngozi ikaanza kubambuka. Ndipo mzee mmoja wa kijiji akatuambia waziwazi neno tulilokuwa tukiliogopa: bwaki. Ndivyo tunavyouita kwetu ugonjwa ambao waganga huuita kwashiorkor.

Mwanamume mmoja kati ya wamama

Juma lilelile mke wangu alijifungua mtoto wa kike. Hakuweza kusafiri, na dada zake walikuwa mbali. Basi nilimbeba mvulana mgongoni kwa kikwembe cha mama yake, nikapita njia ya nyuma ya mashamba ili wanafunzi wangu wasinione. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka 2011.

Katika nyumba ya watoto wenye utapiamlo palikuwa na vitanda kumi na viwili. Walikaa humo wamama kumi na mmoja, na mimi. Sista mwuguzi alimbonyeza mtoto mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale. Akanieleza kwamba chakula chake cha kwanza ni maziwa maalum, kidogokidogo, kwa kikombe, kila saa tatu, usiku na mchana. Mwili uliodhoofika hivyo ukishindiliwa chakula kingi mara moja, waweza kufa. Nikatii. Usiku wa tatu mtoto wa kitanda cha jirani alikufa. Mama yake hakulia kwa sauti. Alikunja vikwembe vyake, akaondoka kabla ya mapambazuko. Tangu usiku ule nilimlaza wangu kifuani pangu, nikawa nasali Rozari hata kunapokucha.

Siku ya nane uvimbe ulikuwa umepungua sana. Nikamkimbilia Sista, nikamwambia: « Sista, mtoto amepona! » Sista akaja, akamtazama muda mrefu. Akapitisha mkono mbele ya macho yake. Mtoto hakuufuata mkono. Sista akasema:

« Mwalimu, mwili unarudi. Yeye mwenyewe hajarudi bado. Tangu mlipofika hapa, umecheza naye mara ngapi? »

Nikajibu: « Sista, mimi ni mwanamume. Sijui kucheza na watoto. »

« Shuleni unafundisha nini? »

« Hesabu na kusoma. »

« Basi mhesabie vidole vyake vya miguu. Anza sasa. »

Wamama wote walikuwa wakinitazama. Nilishika kidole cha kwanza, nikasema: « Moja. » Sauti haikutoka vizuri. Nikashika cha pili. Nilipofika kumi nilikuwa nimetoka jasho kuliko mtu anayelima. Sista akasema: « Tena. » Nikaanza tena. Wamama wakacheka, kisha mmoja wao akamshika mtoto wake mguu, naye akaanza kuhesabu.

Nilidhani Sista ananitania. Kumbe alikuwa akifuata matibabu yenyewe. Shirika la Afya la Dunia, lile tunaloliita OMS, lilitoa mwaka 1999 kitabu cha kuwaongoza waganga wanaotunza watoto wenye utapiamlo mkali. Matibabu yana hatua kumi, na hatua ya tisa ndiyo hii: kumchangamsha mtoto na kumwonyesha upendo. Kitabu kinaagiza mchezo uliopangwa, dakika 15 hadi 30 kila siku. Tena kinafundisha jinsi ya kutengeneza vitu vya kuchezea kwa makopo, chupa na vipande vya vitambaa, bila kununua kitu.

Kopo, kitambaa na gunzi

Palikuwa na mama mzee mmoja aliyesaidia jikoni pa hospitali. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wangu. Alichukua kopo la maziwa lililokwisha, akatia punje za mahindi, akalifunga kwa nguvu sana kwa kitambaa na kamba. Akanionyesha: kwanza litikise upande wa kulia wa mtoto, ngoja. Kisha upande wa kushoto, ngoja. « Usiwe na haraka, Mwalimu, akasema. Mtoto mgonjwa anatoka mbali. »

Siku ya kwanza, hakuna. Siku ya pili macho yalisogea. Siku ya tatu kichwa kiligeuka. Siku ya nne alinyosha mkono, akaligusa kopo kwa vidole viwili, akaurudisha mkono kama aliyeungua. Nilitamani kupiga kelele, lakini wagonjwa wengine walikuwa wamelala.

Kisha mama yule akanifundisha mchezo wa kitambaa. Unajifunika uso kwa kikwembe, unauliza: « Baba yuko wapi? » Unajifunua, unasema: « Huyu hapa! » Nilifanya hivyo mara nyingi hata nikaona nimekuwa mjinga. Siku ya tano ya mchezo huo, kabla sijajifunua, nilisikia kikwembe kinavutwa. Mkono wake mdogo ulikuwa umekishika. Kikaanguka, tukaonana, naye akatoa sauti ndogo kama kikohozi. Sikuifahamu. Mama mzee ndiye aliyesema: « Amecheka. »

Sista akaja na karatasi ya mtoto, ile inayoandikwa uzito na joto la kila siku. Chini ya tarakimu akaandika neno moja: « Amecheka. » Waganga wa watoto wenye bwaki husema kwamba kicheko kikirudi, uzima umeshika njia. Nami nilitoka nje, nikalia nyuma ya nyumba.

Tulikaa huko majuma matano. Tuliporudi, kila asubuhi nilitandika mkeka barazani. Baba yangu mzazi, aliyekuwa hai bado, aliniona nikitambaa pamoja na mtoto, akaudhika sana. Akasema: « Mimi nilizaa mwanamume. Sasa wewe unajigeuza mlezi wa watoto? » Nikapiga magoti, nikamjibu kwa heshima: « Baba, mjukuu wako alikuwa amekwenda zake. Nilimwita kwa njia hii, akarudi. » Hakusema neno. Lakini majuma machache baadaye nilitoka shuleni mapema, nikamkuta peke yake barazani karibu na mtoto wetu wa kike. Alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Kwa nini mchezo ni kazi

Wasomaji wapenzi, mtaniuliza: mchezo unampa mtoto nini? Sikilizeni. Ubongo wa mtoto anayezaliwa ni kama robo ya ubongo wa mtu mzima kwa uzito. Anapofika miaka miwili umekwisha kufikia karibu robo tatu. Hakuna wakati mwingine wa maisha ambapo kichwa cha mtu hukua upesi namna hiyo. Chakula huleta mawe na matofali ya nyumba hiyo. Lakini njia za ndani, zile zinazounganisha jicho na mkono, sikio na ulimi, hupata nguvu kwa kutumiwa. Mtoto akitazama, akishika, akisikia na kujibiwa, njia hizo huimarika. Asipotumia, hudhoofika, kama njia ya shambani isiyopitwa na mtu.

Siri ya mchezo ni moja tu, nayo mama mkwe wangu aliijua bila kusoma kitabu: mtoto anasema, wewe unajibu. Akiguna, guna. Akitabasamu, tabasamu. Akitazama kuku, mwambie: « Kuku. » Kisha nyamaza, mpe nafasi ajibu. Mazungumzo hayo huanza kabla mtoto hajajua neno hata moja.

Michezo ya nyumbani, mwezi kwa mwezi

Binti yetu aliyezaliwa juma lile la taabu tulicheza naye tangu mwanzo. Haya ndiyo tuliyofanya, nanyi mwaweza kuyafanya bila franka hata moja.

Tangu kuzaliwa hata miezi mitatu. Kitu cha kwanza cha kuchezea ni uso wako. Mtoto mchanga huona vizuri vilivyo karibu, kama sentimita 20 au 30, yaani umbali wa uso wa mama anayenyonyesha. Mlete hapo. Mwimbie polepole. Fungua kinywa, toa ulimi, ngoja. Mara nyingine naye atajaribu. Sauti ya mama ameijua tangu tumboni. Baba naye asikawie kumjulisha yake. Akiwa macho, mlaze kifudifudi kitambo kidogo juu ya kifua chako au juu ya mkeka, ukikaa karibu, shingo yake ipate nguvu. OMS ilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetambaa bado apate angalau dakika 30 za namna hiyo kila siku, zikigawanywa mara nyingi. Lakini wakati wa kulala usingizi, sharti alazwe chali.

Miezi mitatu hata sita. Sasa mikono inaamka. Mtikisie kopo upande huu na upande ule, alitafute kwa macho. Mpe kitu safi cha kushika: kijiko cha mti, kitambaa kilichofungwa fundo, gunzi la muhindi lililooshwa vizuri. Atakipeleka kinywani. Usimpige mkono, maana kwa umri ule kinywa ndicho mwalimu wake. Mweke kitu mbali kidogo naye, ajitahidi kukifikia, ndivyo anavyojifunza kupinduka.

Miezi sita hata tisa. Mkalishe kati ya miguu yako, mgongo wake ukiegemea tumbo lako. Mpe sufuria ndogo na kijiko, apige. Kelele hiyo ni masomo: anajifunza kwamba mkono wake unaweza kuleta jambo. Atadondosha kijiko, nawe utakiokota, naye atakidondosha tena. Hakutesi. Anapima kama kitu kinachoanguka hurudi, na kama wewe nawe hurudi. Huu ndio wakati mzuri wa mchezo wa kitambaa. Ficha kijiko chini ya kitambaa mbele ya macho yake, umwache akitafute. Akikipata, amejua jambo kubwa: kitu kisichoonekana bado kipo.

Miezi tisa hata mwaka mmoja. Mpe kopo pana lisilo na makali na vitu vikubwa vya kutia ndani: vipande vya mti vilivyopigwa msasa, vitambaa vilivyokunjwa. Atatia, atatoa, atatia. Pigeni makofi pamoja. Mfundishe kuaga kwa mkono. Taja majina ya watu wa nyumbani: « Dada yuko wapi? » Weka kitu anachokipenda juu ya kiti kifupi, ainuke kukifuata.

Mwaka mmoja hata mwaka na nusu. Toboa kopo, lifunge kwa kamba fupi, awe na motokaa ya kuvuta. Mtengenezee mpira wa majani makavu ya mgomba, kama tuliocheza sisi sote, uusukume kwake, naye ausukume kwako. Mwulize: « Pua iko wapi? Sikio liko wapi? » Mpe kazi ndogo za kweli: akuletee kikombe, akusaidie kutia maharagwe mabichi katika kikapu, wewe ukimwangalia. Msifu anapoweza.

Lazima niwaonye juu ya hatari. Kitu chochote kinachoweza kuingia chote kinywani mwa mtoto chaweza kumkaba koo: punje ya muhindi, haragwe, kifuniko cha chupa, ushanga. Kopo la punje lisifunguke kamwe, nawe ulichungulie kila siku kabla ya kumpa. Makopo yenye makali yapigwe nyundo ukingoni. Kamba ndefu isiachwe karibu na shingo, wala mfuko wa plastiki karibu na uso. Betri za radio na tochi zifichwe kabisa. Maji, hata ya ndoo moja, na moto wa mafiga vinataka jicho la mtu mzima. Tena vitu vyote vioshwe kwa maji na sabuni.

Habari kutoka Jamaika

Pengine mtu atasema: Mwalimu huyu ametishwa na ugonjwa wa mtoto wake, sasa anafanya mchezo kuwa dini. Basi sikilizeni habari ya nchi nyingine. Katika mji wa Kingston, huko Jamaika, miaka ya 1986 na 1987, mwanamke mmoja mtaalamu, Sally Grantham-McGregor, pamoja na wenzake, waliwakusanya watoto 129 wa maskini, wenye miezi 9 hadi 24, waliodumaa kwa kukosa chakula. Wakawagawanya kwa makundi manne. Wengine walipewa maziwa ya nyongeza. Wengine walitembelewa nyumbani saa moja kila juma, na mfanyakazi wa afya aliyemfundisha mama kucheza na mtoto wake kwa vitu vilivyotengenezwa hapo hapo. Wengine walipata yote mawili, na wengine hawakupata lolote la hayo. Kazi hiyo iliendelea miaka miwili.

Mwaka 1991 walitangaza waliyoyaona. Maziwa yalisaidia, mchezo ulisaidia, na waliopata yote mawili walikaribia kuwafikia wenzao wasiodumaa. Hawakuishia hapo. Miaka ishirini baadaye waliwatafuta watoto hao, ambao sasa walikuwa watu wazima wenye kazi. Mwaka 2014 ikatangazwa kwamba wale waliochezewa utotoni walikuwa wakipata mshahara unaozidi kwa asilimia 25 ule wa wenzao ambao hawakuchezewa. Saa moja kwa juma, makopo na vitambaa, na mama aliyefundishwa kujibu. Mimi mwenye kufundisha hesabu nimeihesabu faida hiyo mara nyingi.

Lakini nisieleweke vibaya. Mchezo haushibishi tumbo. Mtoto wangu asingecheka kama asingepewa maziwa kwanza. Leo nyumbani kwetu uji wa mtoto ni wa masoso, yaani mahindi, mtama na soya, na yai la kuku wetu haliendi sokoni kabla mtoto hajala lake. Chakula na mchezo ni kama miguu miwili: mtoto anaihitaji yote.

« Hatuna wakati »

Wamama wataniambia: « Mwalimu, tunalima, tunateka maji, tunauza sokoni. Wakati wa kucheza tutautoa wapi? » Mama zangu, siwaongezei kazi. Chezeni ndani ya kazi. Unapomwosha mtoto, taja mkono, taja mguu. Unapomenya muhogo, mweke mbele yako, umwambie unalofanya. Unapombeba mgongoni kwenda shambani, imba, naye ataisikia sauti ndani ya mbavu zako. Wakubwa zake wakitoka shuleni, waamuru wacheze naye. Watajifunza upole, naye atajifunza maneno.

Nanyi wababa, msitume simu mahali penu. Naona siku hizi mtoto wa miezi minane anapewa simu yenye picha ili anyamaze. Simu husema, lakini haimjibu mtoto. Ule ushauri wa OMS wa mwaka 2019 unasema watoto wasiotimiza miaka miwili wasiwekwe mbele ya picha za namna hiyo. Mtoto anayenyamaza mbele ya simu hunikumbusha yule « mtoto mtulivu » niliyejivunia.

Wakristu wenzangu, nabii Hosea anatuonyesha Mungu kama mzazi anayemfundisha mtoto kutembea na kumwinua hata shavuni pake. Kitabu cha Mezali kinaonyesha Hekima ikicheza mbele ya Muumba wakati wa kuumbwa ulimwengu. Na Mwana wa Mungu alikubali kuwa mtoto mchanga, katika nyumba ya seremala. Siwezi kudhani kwamba Mtakatifu Yosefu, mwenye vipande vya mbao vingi namna ile, alimwacha Mtoto Yezu akae mikono mitupu.

Yule mvulana wangu sasa amekuwa kijana mrefu kunipita. Hesabu zinamshinda kidogo, lakini katika utani hakuna wa kumshinda. Hakumbuki kitanda kile cha hospitali, wala sikumwambia habari ya viatu hata alipokuwa mkubwa. Nilipomwambia, alinyamaza kidogo, kisha akachukua kikwembe cha mama yake, akajifunika uso, akauliza: « Baba yuko wapi? »

Basi, wewe baba unayesoma ukurasa huu, ukifika nyumbani leo tandika mkeka. Kama hujui kuanza, shika mguu wa mtoto wako, uhesabu vidole. Mungu azibariki jamaa zenu.